Anza na Mama: Mwongozo wa Kuzifurahia Mbio za Farasi za Kentucky

Kentucky Derby hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei pale Louisville, na kwa kawaida huisha kwa dakika mbili na sekunde chache. Ukingoja dakika hizo ndipo uwashe televisheni, utaona vumbi, kofia za akina mama na farasi mmoja akivishwa shada la waridi, basi, mpaka mwaka mwingine. Raha ya mbio hizi imeanza mbali zaidi. Imo katika kumjua farasi kabla hajapewa jina, kumjua mama yake na ndugu zake, kisha kumfuata hadi uwanjani na hata baada ya kustaafu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia shambani, na nakuomba uufuate kwa mpangilio huo.

Mji wa kuanzia ni Lexington, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Louisville. Lexington ina wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa ndugu zetu waliotoka Congo, na sitashangaa kama wapo wanaopita kila siku kando ya zile nyua za mbao nyeusi na nyeupe za mashamba ya farasi bila kujua kwamba mageti yake hufunguliwa kwa wageni. Chini ya udongo wa eneo hilo kuna mwamba wa chokaa, na wafugaji wa huko wanaamini tangu enzi za mababu zao kwamba majani na maji yake hujenga mifupa imara. Ukiendesha kutoka uwanja wa ndege kuelekea mjini unalipita shamba la Calumet upande mmoja na uwanja wa mbio wa Keeneland uko jirani tu. Hakuna mji mwingine Marekani ambao farasi wamekaa katikati ya maisha ya watu namna hiyo.

Kabla ya kwenda, jifunze ukoo kidogo. Farasi wa Derby ni wa aina moja tu, thorobredi. Kila thorobredi aliye hai, ukimfuata baba kwa baba, atakufikisha kwa mmoja wa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alitoka Aleppo, Syria, mwaka 1704, na walio wengi mno leo ni uzao wake. Daftari la nasaba hizi lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na asiyeandikwa kwenye daftari la namna hiyo si thorobredi, hata akimbie kama upepo.

Majina ya madume ndiyo yanayopigiwa kelele kwenye matangazo. Wewe tazama majike. Dume mwenye sifa huweza kupandishwa kwa majike zaidi ya 150 katika msimu mmoja, kwa hiyo watu wa mbio hawawahesabu watoto wa baba mmoja kuwa ndugu. Wangekuwa na ndugu mia kwa mwaka. Undugu wao ni wa tumbo. Wakikwambia farasi huyu ni ndugu yake yule, elewa kwamba wamenyonya jike mmoja. Na kwa kuwa mimba huchukua miezi kumi na moja, na jike huzaa mtoto mmoja tu, tumbo moja halitoi watoto wengi. Familia ya jike inafuatika. Unaweza kuikariri.

Chukua mfano wa jike aliyeitwa Somethingroyal. Alikimbia mara moja tu maishani na hakuambulia kitu. Aliporudishwa shambani ndipo thamani yake ilipoonekana. Mwaka 1959 alimzaa Sir Gaylord, aliyetarajiwa sana kushinda Derby ya 1962 akaumia siku moja kabla. Sir Gaylord naye akamzaa Sir Ivor, ambaye Alice Chandler wa shamba la Mill Ridge, hapo hapo Lexington, alimzalisha, na ambaye alikwenda kushinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 1968.

Baadaye Somethingroyal alipelekwa kwa dume Bold Ruler kwa mapatano ya pekee: hakuna ada, lakini wenye majike na wenye dume wagawane watoto. Mwaka 1969 walirusha sarafu kuamua nani achague kwanza. Ogden Phipps, wa upande wa dume, alishinda, akamchukua mtoto aliyekwisha kuzaliwa, jike aliyekuja kuitwa The Bride. Penny Chenery, wa upande wa majike, akabaki na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa Somethingroyal. The Bride hakushinda hata mara moja. Yule wa tumboni alizaliwa tarehe 30 Machi 1970, akaitwa Secretariat. Mwaka 1973 alitwaa mbio zote tatu za Taji la Mara Tatu, Derby, Preakness na Belmont. Ya Belmont, maili moja na nusu, aliimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Muda huo haujavunjwa mpaka leo. Baba mmoja, mama mmoja, miaka miwili mfululizo, na hawa wawili wakatofautiana hivyo. Nasaba inakupa sababu ya kutumaini, haikupi ahadi, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo.

Sasa nenda shambani. Mashamba mengi ya Lexington na vitongoji vyake huuza nafasi za ziara kupitia chama kiitwacho Horse Country. Weka nafasi mapema, hasa kwa Aprili na Oktoba, kwa sababu makundi ni madogo na hizi ni sehemu za kazi: siku ya mnada au siku ya kuzalisha hakuna mtu wa kukusubiri. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Usipite nyuma ya farasi, usimguse dume kabla hujaruhusiwa, na usimpe chochote kwa mkono wako. Madume huuma, tena si kwa hasira. Ni tabia yao. Sema kwa sauti ya kawaida. Ukimaliza, ni adabu kumpa saisi aliyekushikia farasi bakshishi kidogo.

Watalii wengi hukimbilia madume. Kwa kweli wanastahili kuonwa. Pale Ashford, karibu na mji wa Versailles, wanakaa American Pharoah, aliyetwaa Taji la Mara Tatu mwaka 2015 baada ya miaka 37 bila mshindi, na Justify, aliyelitwaa mwaka 2018. Pale Claiborne, karibu na Paris (Paris ya Kentucky), utaonyeshwa zizi alilokaa Secretariat, lile lile alilokaa baba yake Bold Ruler kabla yake. Kaburi lake halipo mbali na hapo. Desturi ya Kentucky ni kumzika farasi bingwa kichwa, moyo na kwato tu. Secretariat, alipokufa Oktoba 1989, walimzika mzima. Simama hapo kidogo usome majina kwenye mawe mengine. Ukishajua nasaba, makaburi hayo yanageuka kuwa sebule ya familia moja.

Lakini kama unaweza kwenda mara moja tu kwa mwaka, nenda kati ya Machi na Mei, uombe shamba lenye majike na watoto. Mtoto wa farasi huzaliwa mara nyingi usiku, na ndani ya saa moja au mbili huwa amesimama. Utamwona wa siku tatu au nne, magoti makubwa kuliko miguu, akizunguka mama yake kama aliyefungwa kamba isiyoonekana. Mama akipiga hatua naye hupiga, mama akiinua kichwa naye hutazama anachotazama. Hapo toa daftari. Uliza jina la mama, jina la baba na tarehe ya kuzaliwa. Mtoto hana jina bado. Anaitwa kwa jina la mama na mwaka. Akikaribia kutimiza miaka miwili ndipo mwenyewe humsajilia jina, lisizidi herufi 18 pamoja na nafasi. Ukishampata huyo mtoto mmoja, umepata mchezo wa miaka mitano.

Utasikia pia habari za biashara ya kupandisha, na usione haya kuuliza, maana waongozaji huieleza wazi. Thorobredi haruhusiwi kupatikana kwa mbegu iliyogandishwa wala ya kupandikizwa kwa bomba. Lazima dume na jike wakutane, na watu wa shamba wawe mashahidi. Msimu huanza katikati ya Februari hadi Juni au karibu na hapo. Sababu ya haraka ya Februari ni kwamba kila thorobredi wa kaskazini mwa ikweta huongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama alizaliwa Mei, kwa hiyo mtoto wa Januari humzidi mwenzake wa Mei kwa miezi minne ya kukua ingawa wote huitwa wa umri mmoja. Ada ya dume kama Into Mischief wa shamba la Spendthrift imefika dola 250,000 kwa jike mmoja, na kwa kawaida hulipwa pale tu mtoto anapozaliwa, akasimama na kunyonya.

Septemba ya mwaka wa pili, mtoto wako huenda akauzwa Keeneland. Mnada huo ni wazi kwa umma na hakuna kiingilio. Kaa nyuma ya mabanda asubuhi, mahali wanunuzi wanapomwita farasi atolewe, atembezwe mbele na kurudi. Tazama wanachotazama: miguu ikinyooka au ikipinda anapokujia, kwato ya nyuma inapoukanyaga au kuupita unyayo wa mbele, kifua chenye nafasi ya mapafu. Omba katalogi usome ukurasa wake; majina ya ndugu wa tumbo walioshinda mbio kubwa huchapwa kwa herufi nzito, na ukurasa wenye weusi mwingi ndio unaopandisha bei.

Bei zenyewe zisikutishe wala zisikudanganye. Mwaka 2006, kwenye mnada mwingine huko Florida, farasi wa miaka miwili aliyeitwa The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu, hakushinda. Seattle Slew alinunuliwa kwa dola 17,500 mwaka 1975, na mwaka 1977 akatwaa Taji la Mara Tatu bila kuwahi kushindwa.

Kutoka hapo mpaka siku ya mbio kuna kipindi ambacho wapenzi wengi hukiruka, nami nakipenda kuliko vyote: asubuhi ya mazoezi. Keeneland huacha watu wasimame kwenye uzio wa uwanja alfajiri bila kulipa. Fika jua likichomoza, vaa koti hata kama ni Aprili. Utawasikia kabla ya kuwaona. Thorobredi akienda shoti huvuta pumzi moja kwa kila hatua, na pumzi hiyo hutoka kwa kishindo puani, ff, ff, ff, inakaribia, inapita, inapotea kwenye kona. Jifunze kutofautisha anayenyooshwa tu na anayepimwa muda: wa pili hukimbia karibu na uzio wa ndani, joki ameinama, mikono imetulia. Wanaorudi hutembea nje kabisa. Ukitoka hapo nenda kwenye mgahawa wa watu wa mazizi ulio pale pale uwanjani, ambako masaisi, wakufunzi na majoki hunywa chai na kula mayai pamoja na wageni.

Mtoto wako akishaanza kukimbia, Equibase, hifadhi rasmi ya kumbukumbu za mbio za Amerika Kaskazini, itakuarifu bure kila anapoandikishwa. Keeneland hukimbia Aprili na Oktoba tu. Siku hiyo usiende moja kwa moja jukwaani. Nenda kwenye uwanja mdogo wa kufungia matandiko, dakika ishirini kabla ya kila mbio. Jina la farasi huna haja ya kulisoma. Kitambaa chini ya tandiko kina rangi ya namba yake, nyekundu ni 1, nyeupe 2, buluu 3, njano 4, kijani 5. Fulana ya joki ni rangi za mwenye farasi. Mtazame farasi anavyotembea: shingo imelegea, masikio yanageuka huku na huku, hatua ndefu ya nyuma, manyoya yanang'aa hadi yana madoa madoa kama ya sarafu. Anayetoka povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma wakati hakuna joto, anayerusha kichwa na kumburuta saisi, amekwisha kukimbia mbio yake kabla haijaanza. Wapo wanaoshinda hivyo hivyo, lakini ni wachache.

Mbio ikianza, usimfuate anayeongoza. Tazama mambo mawili. La kwanza ni mwendo. Saa ya uwanjani huonyesha muda wa kila robo maili. Robo ya kwanza ikipita kwa sekunde 22 au chini, viongozi wanatumia akiba yao ya mwisho. Derby ya 2022 ilianza hivyo, robo ya kwanza chini ya sekunde 22, na waliokuwa mbele walichoka wote. Rich Strike, aliyeingia siku moja tu kabla kwa kuwa mwingine aliondolewa, alitoka nyuma kabisa, akapita katikati yao na kushinda akiwa amewekewa uwezekano wa 80 kwa 1.

La pili ni mguu. Marekani hukimbia kwa kuzungukia kushoto, kwa hiyo kwenye kona mguu wa mbele wa kushoto ndio unaotangulia kunyooshwa. Farasi akiingia sehemu iliyonyooka hubadilisha, wa kulia ukatangulia, na misuli iliyokuwa ikibeba kazi inapumzika. Ukitazama kwa makini utamwona akijirusha kidogo na kuongeza kasi ghafla. Asiyebadilisha mara nyingi huwa amechoka au anaumwa. Ukilizoea hilo, utajua nani anashinda kabla mtangazaji hajatamka jina.

Kuhusu kamari, sitakuambia ucheze. Hakuna anayekulazimisha, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili dini imekwisha kutoa jibu. Waliopo Dubai wanajua hilo vizuri: uwanja wa Meydan una Dubai World Cup, iliyoanza 1996 kwa ushindi wa Cigar wa Marekani, na hakuna dau linalowekwa uwanjani, ila watu hufurika. Furaha ya kumfuata mtoto wa jike unayemjua haihitaji tiketi. Anayetaka kuweka, aweke dola 2 ya ushindi kwa farasi aliyemchagua kwa macho yake na aishie hapo.

Tenga siku moja kwa Kentucky Horse Park, kaskazini mwa mji. Amezikwa huko Man o' War, aliyeshinda mara 20 kati ya 21. Aliyemtunza miaka yake mingi ya shambani alikuwa Mwafrika-Mmarekani, Will Harbut, ambaye watu walitoka mbali kuja kumsikiliza akisimulia habari za farasi huyo. Alifariki wiki chache kabla ya farasi wake, mwaka 1947. Karibu na Man o' War amezikwa Isaac Murphy, joki aliyezaliwa Kentucky mwaka 1861 na kushinda Derby mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Watoto wetu wanaosoma Lexington wapelekwe pale. Katika Derby ya kwanza, mwaka 1875, majoki 13 kati ya 15 walikuwa weusi. Mshindi, Aristides, alipandwa na Oliver Lewis na kufunzwa na Ansel Williamson, aliyezaliwa utumwani. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, na tangu hapo hakuna joki mweusi aliyeshinda tena. Waliwekewa vikwazo, wakasukumwa nje na majoki weupe na wenye mali. Mchezo huu ulijengwa kwa mikono yao.

Aliye Nairobi asingoje pasipoti. Uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya, hukimbiza thorobredi Jumapili za msimu, na uzio wake uko karibu na farasi kuliko viwanja vingi vya ughaibuni. Nasaba ni zile zile tatu, na Kenya ina historia yake ya kuzalisha: Beryl Markham, kabla ya kuwa rubani, alikulia kati ya farasi wa baba yake huko Njoro na akawa mkufunzi mwenye leseni akiwa bado msichana.

Neno gumu lisikwepwe. Farasi huvunjika miguu, na wengine hawainuki. Barbaro alishinda Derby ya 2006, akavunjika katika Preakness wiki mbili baadaye, na baada ya miezi ya matibabu akauawa ili asiteseke. Mwaka 2023 vifo pale Churchill Downs, uwanja wa Derby, vilizidi mpaka mbio zikahamishiwa uwanja mwingine. Mamlaka ya kitaifa ya usalama wa mbio ilianza kazi mwaka 2022, na mpenzi wa kweli hufuatilia takwimu zake kama anavyofuatilia washindi. Mkufunzi ambaye farasi wake huumia mara kwa mara usimshangilie.

Uliza pia wanakwenda wapi wakistaafu. Ferdinand, mshindi wa Derby ya 1986, aliuzwa Japani kuwa dume, na mwaka 2002 inaaminika alichinjwa. Habari hiyo iliwashtua wengi, na mwaka 2003 Michael Blowen, aliyekuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la Boston, akaanzisha shamba la Old Friends huko Georgetown, kaskazini mwa Lexington, kwa ajili ya farasi wastaafu. Silver Charm, aliyeshinda Derby mwaka 1997 na Dubai World Cup mwaka 1998, alirudishwa kutoka Japani mwaka 2014 kuja kuishi hapo. Ziara huwekwa nafasi mapema, na huko unaruhusiwa kulisha: muongozaji hukupa karoti, unaiweka juu ya kiganja kilichonyooka, vidole pamoja na kidole gumba kikiwa kimebanwa, unamwachia farasi mwenyewe aichukue.